Nani Akae, Nani Akimbie

Bibi yangu mzaa mama alivunja ungo kwao Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na tangu siku hiyo hakuliona jua mpaka mavuno mawili yamepita. Aliwekwa chumba cha nyuma, kisicho na dirisha. Alikula, alilala, alisuka ukili. Usiku kungwi alikuja kumfunda. Akitaka kujisaidia alitolewa gizani, amegubikwa kaniki hadi usoni, shangazi mmoja mbele na mwingine nyuma. Kulima hakulima, kutwanga hakutwanga, maji hakuchota, yeye ambaye kabla ya hapo alikuwa akishuka na kupanda mlima kutwa nzima na mtungi kichwani. Siku ya kutolewa alibebwa mabegani kwa sababu ndivyo desturi ilivyotaka, lakini aliwahi kuniambia, huku anacheka, kwamba hata wangemwacha atembee asingefika mbali: magoti yalikuwa yamesahau kazi. Ngoma ikalia, akapakwa mafuta ya nyonyo, wazee wakamsifu kwa unene na weupe. Unene na weupe ndio uliokuwa ushahidi kwamba ukoo wake uliweza kumlisha mtu asiyefanya kazi.

Nimemtanguliza bibi kwa makusudi. Mwaka 2020, watoto wa nchi nyingi walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, redio ilirudia kusema kwamba jambo hili halijapata kutokea. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu muda mfupi tu kabla, nimekaa barazani kwangu Ulaya, na nikawa najiuliza: halijapata kutokea kwa nani? Ulaya yangu ni kata ya Wilaya ya Kilosa, njiani ukitoka Kilosa mjini kuelekea Mikumi. Kila mgeni ana mzaha wake kuhusu jina hili na yote tumeshaisikia, kwa hiyo tuendelee.

Huku kwetu mtoto hakai ndani hivi hivi, wala hakimbii hivi hivi. Kuna mtu mzima aliyeamua nani akae na nani akimbie, na mara nyingi aliamua kwa kuangalia kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mambo ya 2020 hayaeleweki mpaka historia hii ijulikane.

Uwali wa bibi yangu haukuwa wa peke yake. Waluguru, Wakutu, Wakwere, Wazaramo, wote hawa walimweka binti ndani alipovunja ungo, kila kabila kwa taratibu zake. Mvulana naye alikuwa na jando, ila jando lilikwenda kinyume kabisa. Mvulana alitolewa nyumbani akapelekwa kambini porini, akalala chini, akaoga maji ya mto alfajiri, akafundishwa kutega na kuvumilia baridi. Wote wawili walikuwa wanafanywa watu wazima. Mmoja kwa kuhangaishwa, mwingine kwa kutulizwa. Sijaona mahali pengine ambapo somo la nani ana haki ya kutembea linafundishwa waziwazi namna hii, tena likafundishwa mwilini kabla ya kufika akilini.

Muda wa kukaa ndani ulipungua kizazi hadi kizazi. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na pamba ya bonde la Kilosa yalihitaji mikono, kodi ilihitaji fedha, na shule za misheni zilihitaji wanafunzi. Mama yangu alikaa ndani msimu mmoja wa kilimo. Mimi niliwekwa ndani likizo ya Desemba tu, maana Januari kengele ingelia na jina langu lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio. Bibi alilalamika sana. Alisema wamenitoa nikiwa mbichi.

Kabla ya kuvunja ungo, hata hivyo, hapakuwa na tofauti kubwa kati yetu na kaka zetu, na hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu watu wanaoandika juu ya michezo ya watoto huiorodhesha tu kisha wakaondoka. Chukua kombolela. Mbalamwezi imetoka, kopo limewekwa katikati ya uwanja. Mmoja anapiga teke kopo hilo liende mbali iwezekanavyo, na wakati mlinzi analifuata kulirudisha mahali pake, wengine wote wanatawanyika kujificha: nyuma ya ghala, juu ya mwembe, ndani ya rundo la mabua. Mlinzi akimwona mtu, analitaja jina lake na kukimbilia kopo. Waliokamatwa wanasimama pembeni wakisubiri. Kisha anatokea mmoja gizani, yule aliyejificha vizuri kuliko wote, anakuja mbio na kulipiga kopo teke, na wote waliokamatwa wanakombolewa. Mlinzi anaanza upya, pengine analia. Sisi wa kike tulikuwa wazuri kwenye kombolela kwa sababu tulijua sehemu zote za nyuma ya nyumba. Kazi zetu zilikuwa huko.

Na rede. Rede ndiyo ilikuwa yetu hasa. Warushaji wawili wanasimama wakitazamana, mmoja kila upande, na mpira wa soksi kuukuu iliyojazwa matambara na kushonwa kwa uzi wa gunia. Katikati kuna chupa tupu, na msichana mmoja anayetakiwa kuijaza mchanga kabla hajapigwa. Anachota mchanga kwa viganja, anamimina, anaruka mpira, anarudi kwenye chupa. Akiinama sana hauoni mpira. Asipoinama mchanga unamwagika nje ya mdomo wa chupa. Mchezo huu ni wa kiangazi. Masika mchanga unashikana, hauingii, na ndiyo maana mvua zikianza tulihamia upenuni tukachimba kishimo na kucheza mdako: kokoto moja unairusha hewani, na kabla haijashuka umeshazichota zilizomo shimoni na kuidaka. Mdako ni mchezo wa kukaa kitako. Hata michezo yetu, basi, ilikuwa na msimu wa miguu na msimu wa makalio.

Kingine kilichotusaidia kucheza ni siasa. Zamani miji ya Ulaya ilikuwa imetawanyika, nyumba mbili hapa, tatu kule, na huwezi kucheza kombolela na ndugu zako watatu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowakusanya watu kandokando ya barabara, wazee walinung'unika kwa kuacha miembe yao na makaburi yao, na walikuwa na haki. Watoto hatukunung'unika. Ghafla tulikuwa wengi wa kutosha kufanya timu mbili.

Nilianza darasa la kwanza 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni, kikigongwa kwa chuma. Ikigongwa ya kwanza bado kuna giza, unatakiwa uwe njiani na fagio lako, au dumu la maji, au kuni za mwalimu, kutegemea zamu. Ikigongwa ya pili mnapanga mistari na mchakamchaka unaanza. Vijana wa leo wakisikia mchakamchaka wanadhani ni mazoezi. Ilikuwa zaidi ya hapo. Kiranja mbele anaimbisha, shule nzima inaitikia, miguu peku inapiga chini kwa pamoja, tunatoka barabarani, tunapita mbele ya nyumba za wazazi wetu, tunageuka, tunarudi. Ukikosea hatua unamkanyaga wa mbele. Mwendo wenyewe ulikuwa uleule wa vijana wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa 1963, na walimu wetu kadhaa walikuwa wamepita huko. Mzazi aliyelala hadi wakati huo aliamka kwa aibu.

Sitaki nionekane nakumbuka asali tupu. Asiyewahi alikutana na fimbo. Wengine walikimbia bila kula chochote tangu jana yake, na nimewahi kuona mtoto anaanguka mstarini na wenzake wanamruka kwa sababu wimbo haujaisha. Baada ya mbio kulikuwa na ukaguzi wa kucha na nywele, kisha masomo, kisha shamba la shule, kwa maana sera ya Elimu ya Kujitegemea haikuwa maandishi tu. Miili yetu ilifanya kazi sana na hakuna aliyetuuliza kama tumechoka.

Lakini jambo moja lilitokea pale ambalo nimelielewa ukubwani. Wasichana walikimbia. Walikimbia barabarani, mchana kweupe, wakiimba kwa sauti, mbele ya wakwe watarajiwa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani kufikia 1977, na kwa kuwa walimu hawakutosha, serikali ilituchukua sisi tuliomaliza darasa la saba, ikatuweka vijijini tufundishe huku tunasoma kwa posta na redio. Mimi nilikuwa mmoja wa walimu hao wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Chuo cha ualimu cha Ilonga nilikwenda baadaye kuongeza daraja. Nilikuwa na umri wa miaka 16 nilipoanza kusimamia mchakamchaka, na wanafunzi wengine wa darasa la saba walinizidi kimo.

Mzee mmoja alinijia asubuhi moja, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, nikajua mambo ni mazito.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu mtoto wangu ni mwali. Mnamkimbiza barabarani watu wote wanamwona. Mkwe gani atamtaka?"

Nikamwambia, "Shikamoo baba. Mimi mwenyewe nakimbia naye."

"Ndiyo nashangaa na baba yako."

Alikwenda kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, mtu mpole, alimpa kiti na maji, wakazungumza hadi saa nne. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1978, iliyofanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima, mazungumzo ya namna hiyo yalikuwa mafupi zaidi. Mzazi wa kumweka mwali ndani muhula mzima angeweza kufikishwa mahakamani. Wengi walifanya kama nilivyofanyiwa mimi: wakaihamishia desturi kwenye likizo. Mwisho wa mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na mchakamchaka wetu ukapata nyimbo mpya za kumtukana. Wasichana wa Ulaya ambao hawajawahi kufika hata Morogoro mjini walikuwa wakikimbia na kumtishia rais wa Uganda. Nikikumbuka nacheka peke yangu. Sauti zao zilikuwa kubwa kuliko za wavulana.

Mchakamchaka haukufa siku moja. Ulipungua. Miaka ya 1990 walimu tulikuwa na mishahara ya kuchelewa na vibarua vya pembeni, na mwalimu aliyelala saa saba usiku hasimamii mbio za alfajiri. Mtaala wa 2005 ulileta somo la Haiba na Michezo, na nitasema ukweli wa tulivyolifundisha: ubaoni. Tulichora uwanja wa mpira wa pete, tukaandika vipimo vyake, watoto wakanakili madaftarini wakiwa wamekaa. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto walimiminika, jambo jema, na madarasa mapya yakajengwa mahali palipokuwa na nafasi. Mahali palipokuwa na nafasi ni kiwanja.

Nje ya shule kulikuwa na mambo mengine. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970 na sisi tulisimuliwa tu. Kijijini televisheni iliingia kwa jenereta, kwenye kibanda cha makuti chenye kiingilio cha shilingi chache. Wavulana ndio waliojazana humo. Msichana aliyeonekana kibandani usiku alipewa jina kesho yake asubuhi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Ulaya, watoto wa kiume ndio waliokaa kitako kwa saa nyingi, kwa hiari yao na kwa pesa yao. Halafu zikaja simu, umeme wa jua, ving'amuzi. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba korona ndiyo iliyowakalisha watoto. Viti vilikuwa vimeshapangwa.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyeshukia Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote kuanzia awali hadi kidato cha sita, na mikusanyiko ya michezo ikasimamishwa, Ligi Kuu pamoja na mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA. Zilikuwa siku 30, zikaongezwa. Hatukufungiwa majumbani. Masoko yalikuwa wazi, makanisa na misikiti wazi, mabasi yanatembea. Hapa ndipo tulipotofautiana na wenzetu. Hispania watoto hawakuruhusiwa kutoka mlangoni kabisa tangu katikati ya Machi hadi tarehe 26 Aprili, walipopewa saa moja kwa siku, wasizidi kilomita moja kutoka nyumbani. Uganda, Rais Museveni alikataza watu kufanya mazoezi ya mbio barabarani, kisha mwezi Aprili akajirekodi mwenyewe akikimbia peku ofisini na kupiga pushapu 30 ili watu waone kwamba inawezekana ndani. Shule zao zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Nilimwangalia Museveni kwenye simu ya mwanangu na nikasema, huyu ni wa mchakamchaka.

Sisi, basi, tulipata kitu cha ajabu: shule imefungwa lakini mlango wa nyumba uko wazi. Amri ya kukaa ndani haikutoka Dodoma. Kila nyumba ilijitungia yake.

Mwanangu anakaa Dar es Salaam, nyumba ya kupanga yenye ukuta na geti. Mwisho wa Machi aliwapakia watoto wake wawili kwenye basi la Iringa, nikawapokea Mikumi, tukaja na gari la abiria hadi Ulaya kwenye matope, maana masika ya mwaka ule haikuwa na utani. Wa kike alikuwa darasa la sita, kaka mdogo la pili. Wa kiume alishuka akiuliza chaji iko wapi. Siku za mwanzo alikaa kwenye mkeka wangu wa barazani, magoti yamekunjwa, simu karibu na pua, anacheza Subway Surfers. Nilimchungulia begani. Humo kuna mtoto wa kiume anakimbia kwenye reli, anaruka mabehewa, anakusanya sarafu, hachoki. Mjukuu wangu alikuwa anakimbia kilomita nyingi kwa kidole gumba.

Sikumnyang'anya. Nilisubiri bando liishe. Lilipoisha, wavulana wa jirani walikuwa wanapita na tairi kuukuu za pikipiki, wakizisukuma kwa vijiti, na mmoja akamuuliza tu, "We unaweza?" Hakuweza. Alianguka kwenye dimbwi, akarudi na tope hadi masikioni, na toka hapo nikawa namtafuta wakati wa kula. Alicheza chandimu mpaka mpira wa makaratasi ukapasuka. Akapanda mwembe. Alikwenda na wenzake kuamia ndege mashambani, kazi ambayo kwao ilikuwa nusu kazi nusu vita vya manati. Kwa mtoto wa kiume wa miaka 8, likizo ya korona hapa Ulaya ilikuwa tamu kupita kiasi, na nasema hivyo huku najua watu walikuwa wanakufa. Jioni wote tuliwekwa kwenye nyungu, blanketi moja, mvuke wa mchaichai na majani ya mlimau, na yeye ndiye aliyekuwa anapiga kelele za furaha humo ndani.

Dada yake mambo yalikuwa mengine. Naye alishuka na uvivu wa geti, akakaa ndani. Hakuna aliyempitia mlangoni na kumuuliza kama anaweza. Nilitoka kuwatafuta wenzake, wasichana wa miaka 12, 13, na sikuwaona uwanjani hata mmoja. Nikadhani wamekaa majumbani. Hawakuwa wamekaa. Walikuwa kwenye palizi ya mpunga, walikuwa kisimani, walikuwa na wadogo zao migongoni, walikuwa jikoni. Shule ilipofungwa, mama zao walipata mikono iliyokuwa imeazimwa na serikali kwa miaka saba, wakaichukua. Siwalaumu, masika ndiyo wakati wa kazi na mwaka ule mvua zilikuwa kubwa na magugu yake vilevile.

Novemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mpya: mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya kati au zaidi. Mwanangu, ambaye kazi yake inahusiana na mambo ya afya, alinisomea kwa simu. Nikamwambia wasichana wa hapa walizimaliza dakika hizo kabla jua halijapanda, na ndoo ya lita 20 kichwani. Kwa kipimo hicho watoto wangu wa Ulaya walikuwa na afya njema kuliko wa Madrid. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, lakini hiyo si kucheza." Sikumlea vibaya.

Na mjukuu wangu? Majirani walianza kuniambia, kwa ile lugha ya pembeni, kwamba mtoto wako amekua. Maana yake niliijua. Alikuwa amevunja ungo kule kule Dar, mwezi Februari, na mama yake alimnunulia pedi na mambo yakaishia hapo. Sasa alikuwa kwangu, hana shule, hana rafiki, amekaa chumba cha nyuma kwenye godoro, anaangalia vibonzo vya Ubongo Kids kwenye simu ambavyo alishavipita umri. Hajatoka nje tangu asubuhi. Nilisimama mlangoni na chai yake mkononi nikamwona bibi yangu amekaa pale pale, tofauti ni kwamba huyu hakuwa na kungwi wala ukili, na hakuna ngoma itakayolia siku atakapotoka. Bibi angalau alijua kwamba kuna siku ya kutoka.

Mvua zilipokatika mwezi Mei na mchanga ukakauka, nilichukua chupa ya maji ya dukani, nikashona mpira wa soksi, nikaenda nyuma ya nyumba. Nilimwita mjukuu wangu na wasichana wawili wa jirani waliokuja kuomba moto. Nikasimama upande mmoja, na goti langu bovu, nikarusha. Mwanzoni waliniogopa kwa sababu mimi ni mwalimu. Baada ya kunipiga mara moja mgongoni waliacha kuogopa. Walikuja na wengine, jioni, baada ya kazi, na kanga zimefungwa juu ya magauni. Mjukuu wangu alikuwa mzito siku za kwanza, anapigwa kabla hajafikisha hata kitako cha chupa. Kisha akagundua mwenyewe kwamba unatakiwa kuuangalia mkono wa mrushaji, siyo mpira.

Baba mmoja alinisimamia kwenye ua. "Mwalimu," akasema, "serikali imefunga shule, wewe umefungua nyingine?"

"Karibu baba, hii haina ada."

"Na korona je?"

Nikamwonyesha. Warushaji wamesimama mbali, hatua kumi na zaidi. Anayejaza yuko peke yake katikati. Kwenye kona kuna kibuyu chirizi na sabuni. Hakuna mchezo uliotungwa kwa ajili ya korona kuliko rede. Alicheka, lakini alimwita binti yake, na binti akaenda. Alikuwa ndiye mwepesi kuliko wote.

Ligi Kuu ilirudi Juni. Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Wajukuu wangu walirudi Dar, wa kiume akilia, wa kike akiuliza kama kwao Tabata kuna mchanga wa kutosha. Hapa kijijini kengele iligongwa na wengi walirudi. Si wote. Kuna viti vya wasichana wa darasa la saba vilivyobaki wazi, na kila mtu alijua kwa nini, na kwa sheria ya wakati ule aliyepata mimba hakurudi. Ruhusa ya kurudi ilikuja Novemba 2021, imechelewa kwa hao. Waliorudi walikuta vipindi vya ziada vya kufidia muda uliopotea. Muda huo ulitafutwa kwenye ratiba na ukapatikana pale ambapo siku zote hupatikana, kwenye kipindi cha michezo.

Nilikwenda kuongea na walimu. Walinipa kiti na maji.

Mitaala iliyoboreshwa ya 2023 imeleta somo la Sanaa na Michezo, na safari hii nasikia linatakiwa kutendwa, si kuandikwa. Mwalimu mmoja kijana, mwenyeji wa Mbeya, alinifuata nyumbani na daftari lake la maandalio akitaka nimpe sheria za rede. Nikampa. Akasema hapana, kwao chupa ikijaa mchezaji anaiacha na kuanza nyingine. Nikamwambia Ulaya chupa ikijaa unaimwaga palepale, mbele ya macho yao, ndiyo raha yenyewe. Akasema hiyo inapoteza muda. Tulibishana hadi tukatoka nje kuonyeshana, mimi na goti langu, yeye na viatu vyake vya kung'aa. Wasichana waliokuwa wanapita na ndoo walizitua, wakasikiliza kidogo, kisha mmoja akatuomba tusogee wote wawili kwa sababu tulikuwa tumesimama juu ya mchanga mzuri.